Naombeni ushauri: kutia miguu kwenye siki

Asalam aleykum jamani. Mie nashinda sokoni Kongowea na gambuti toka alfajiri, na mvua hizi matope ndo usiseme. Sasa huu mwezi wa pili katikati ya vidole vya mwisho pameoza, ngozi imekuwa nyeupe imelainika inabanduka, na kuwasha kwake usiku wallahi najikuna mpaka damu. Harufu nayo, nikivua gambuti tu watoto wanakimbilia barazani.

Jirani kaniambia nitie miguu kwenye siki, kikombe 1 cha siki nyeupe kwa vikombe 2 vya maji vuguvugu, dakika 15 kila usiku, kisha nikaushe vizuri mpaka kwenye vidole. Nimefanya siku 5. Harufu imepungua kweli lakini muwasho uko pale pale, na jana palipochubuka paliniunguza nikaruka nikamwaga beseni zima (siki yenyewe ile ya kawaida ya dukani, asilimia 5).

Sasa niendelee ama niache kwanza pakauke? Ama siki ni ya harufu tu, fangasi ninunue krimu ya klotrimazoli famasia nisijichoshe?

Na jengine, mamangu ana sukari na miguu yake ina ganzi, kaona beseni naye anataka kutilia magaga yake. Nimemkatalia maana mwenye ganzi akiungua hahisi, na kidonda cha sukari mwakijua. Yeye asema nimemfanyia choyo siki. Nimwambieje?