Kocha amemkataza binti yangu kushambulia kwenye sataranji. Nimhamishe?

FarasiMweusi:
Wakuu, habari za jioni. Hii ni wiki ya tatu silali vizuri, naombeni ushauri.

Nina binti wa miaka 12, yuko darasa la sita hapa Dar. Anacheza sataranji tangu akiwa na miaka saba. Wenzake wanahesabu askari waliokula, yeye macho yako kwa mfalme tu. Atatoa farasi, atatoa ngome, mradi mfalme wa mwenzake abaki bila pa kujificha. Nimemlea kwa mechi za Mikhail Tal, mtoto wa Riga aliyemvua Botvinnik ubingwa wa dunia mwaka 1960 akiwa na miaka 23, pointi 12.5 kwa 8.5. Nimempa na ile ya Anderssen, London 1851, aliyetoa askofu, ngome zote mbili na malkia, halafu akamfunga Kieseritzky kwa kete ndogo tatu zilizobaki, farasi wawili na askofu. Anazijua kichwani, hatua kwa hatua.

Sasa kocha wake amesema muhula huu mzima hakuna kafara. Ni miisho tu, yaani sehemu ya mwisho ya mchezo kete zikiwa zimebaki chache: mfalme na askari, ngome na askari. Kisa alipoteza mechi ya mwisho kwenye mashindano ya watoto. Mimi naona anamzima. Kuna kocha mwingine anafundisha kwa mtandao, yeye anapenda mashambulizi. Nimhamishe au nivumilie? Naomba kuwasilisha.

Kijiwe cha Drafti:
Mkuu, sataranji siijui sana, ila kafara naijua. Pale Tandika tulikuwa na mzee mmoja, Mungu amrehemu, tunacheza kwa visoda. Alikuwa anakupa kete tatu mfululizo, moja, moja, moja. Wewe unakula unacheka. Ukimaliza kula anasimama, anaomba kahawa, kisha anakula sita na kuingia king. Lakini kwenye drafti kula ni lazima, huna ujanja. Nasikia kwenye sataranji mtu anaweza kuikataa zawadi yako na maisha yakaendelea. Hapo ndipo nisipoelewa mnavyothubutu. Yule mzee alinifunga miaka minne mfululizo, siku nilipomfunga mara ya kwanza alininunulia soda.

Mwl. Mstaafu:
Ndugu mleta mada, darasa la sita leo, mwakani ni mtihani wa darasa la saba. Nimefundisha miaka 31. Nimeona watoto wa mpira, wa muziki, wa ngoma, na nimeona wazazi waliokuja ofisini kwangu wakilia baada ya matokeo. Mchezo ni mzuri ukiwa na kiasi. Swali lako ungeligeuza: je, hesabu zake zikoje?

FarasiMweusi:
Mwalimu shikamoo. Hesabu ni wa tatu darasani. Si tatizo hilo.

Bint Pwani:
Mimi nacheza, si sana, lakini nacheza. Kaka, kocha hajakosea kwa hayo uliyoyaeleza. Huyo huyo Tal unayempenda, baada ya kurudiana na Botvinnik mwaka 1961 na kupigwa 13 kwa 8, akiwa anaumwa figo, hakuendelea kuwa kichaa wa kafara maisha yake yote. Kati ya 1973 na 1974 alicheza mechi 95 bila kufungwa hata moja. Tisini na tano! Rekodi ile ilikaa mpaka Ding Liren alipoivuka mwaka 2018. Mechi nyingi kama hizo huzimalizi kwa kutupa farasi tu. Unahitaji kujua lini pa kusimama.

Halafu itazame ile ya Morphy pale Paris mwaka 1858, kwenye jumba la opera, dhidi ya Duke wa Brunswick na Count Isouard. Hatua 17 mchezo umekwisha. Watu wanakumbuka malkia aliyetolewa mwishoni. Angalia kabla yake: kila kete ya Morphy iko kazini, na upande wa pili askofu na ngome ya upande wa mfalme hawajanyanyuka hata mara moja. Kafara ile ilikuwa imeshalipiwa kabla haijatolewa.

Nina maswali mawili. Mechi hiyo ya mwisho ilikwendaje? Na mtoto mwenyewe anasemaje?

FarasiMweusi:
Asante dada. Mechi ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kucheza. Alikuwa na kete nyeusi. Hatua ya 21 alitua farasi f4 (mraba wa mstari wa f, safu ya nne), bure kabisa. Ukumbi mzima ulisogea kwenye kamba. Mweupe akala kwa askari wa g, mistari ikafunguka, malkia wa binti akaingia. Nilishika kichwa. Bahati mbaya baadaye alipoteza, lakini lile farasi nitalikumbuka mpaka nazikwa.

Jirani wa Kampala:
Salamu kutoka Kampala. Huku kwetu Phiona Mutesi alitokea Katwe, mtaa ambao ukinyesha maji yanaingia ndani ya nyumba. Alifundishwa na Robert Katende, na mwaka 2010 akafika mpaka Khanty-Mansiysk, Urusi, kwenye Olimpiadi ya sataranji. Mimi nimeshawahi kwenda Katwe kutafuta vipuri vya gari, nikakuta watoto wameinamia ubao kando ya gereji, mafuta machafu mpaka miguuni, hawanyanyui macho. Fundi aliniambia nisimsemeshe yule mdogo, ni zamu yake. Nilisahau hata bei ya kipuri. Mtie moyo mtoto, acha kubishana na kocha.

Bint Pwani:
Kaka FarasiMweusi, hujajibu. Mtoto anasemaje?

Sukari Guru:
Samahani wakuu, mimi nanusa chai hapa. Farasi f4, hatua ya 21, kete nyeusi, mweupe anakula kwa askari wa g, watazamaji wanasogea. Hiyo ni mechi ya sita ya Botvinnik na Tal, Moscow 1960! Hatua ile ile, nambari ile ile. Hata kelele za watazamaji, maana siku ile mwamuzi aliwahamisha wachezaji wakamalizie chumba cha nyuma. Mleta uzi amechukua mechi ya bingwa wa dunia akamvika mtoto wa darasa la sita. Mpaka tupate karatasi ya hatua, mimi simpi ushauri mtu asiyekuwepo.

Kijiwe cha Drafti:
Duh. Na mimi nimeshasimulia habari za mzee wangu wa Tandika bure?

Mama wa Wawili:
Sukari Guru, hata kama ni chai, wengine tumejifunza. Ila mleta uzi, jibu. Mtu akiulizwa mtoto anasemaje mara mbili na akajibu kuhusu farasi, kuna kitu.

Mwl. Mstaafu:
Nilishangaa mimi. Mzazi wa kweli huanza na jina la shule.

FarasiMweusi:
Wakuu, si chai. Nimeichukua karatasi yake sasa hivi, iko mbele yangu. Ni hatua ya 23, siyo 21. Nimechanganya mimi, kwa sababu ile ya Tal naijua kuliko nambari ya simu yangu. Sukari Guru umeona sawa kwamba zinafanana. Zinafanana kwa kuwa mwezi mzima kabla ya mashindano nilikuwa namkalisha kila jioni na mechi ile ile. Nilimwambia ukimpata mtu aliyepanga askofu wake g2 namna ile, na farasi wako akiweza kufika f4, usiulize. Akatokea mtu kama huyo raundi ya saba.

Na kuhusu kelele, watu walisogea kweli. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Sawa, nimalizie. Baada ya kafara alifika mahali pa sare. Malkia g4 cheki, mfalme anakwenda h1, malkia f3 cheki, mfalme anarudi g1. Cheki ya kudumu, yaani mfalme anatishiwa bila kikomo na mchezo unakuwa sare. Sare ingempa nafasi ya tatu na medali. Alizunguka mara mbili. Kabla ya ile ya tatu akanyanyua macho akanitafuta nyuma ya kamba. Tuna ishara yetu ya nyumbani: kiganja wazi ni chukua sare, ngumi kifuani ni endelea. Nikaweka ngumi kifuani.

Akaacha cheki, akaleta ngome e5 ili iende h5. Mweupe alihitaji hatua moja tu ya kupumua. Akaweka malkia g2, wakabadilishana malkia, na binti akabaki bila farasi na bila shambulizi. Mama wa yule mtoto mwingine alikuwa ameniona. Mwamuzi alinitoa nje ya ukumbi, na mechi ikaisha nikiwa uwanjani kwenye magari.

Bint Pwani:
Kaka. Hiyo ni kumsaidia mchezaji katikati ya mechi. Angeweza kunyang'anywa pointi yeye, kwa kosa lako.

Kijiwe cha Drafti:
Kwenye kijiwe chetu mtu wa kuonyesha mkono ananyimwa kiti mwezi mzima. Hata kahawa hapewi.

FarasiMweusi:
Najua. Sikukusudia kudanganya, ilikuwa sekunde moja. Na naomba mnielewe: niliona ushindi pale. Usiku ule niliipitisha mechi kwenye programu ya kompyuta nikitaka kuthibitisha. Na bado naamini mtoto wa namna hii akizoeshwa kuchukua sare, ataichukua maisha yake yote. Nezhmetdinov wa Kazan aliwahi kumfunga hata Tal mwenyewe, mara tatu, na hakupata kuwa grandimasta, cheo cha juu kabisa cha mchezaji. Lakini mechi yake na Polugaevsky ya mwaka 1958 watu wanaitazama mpaka leo kwa sababu alimtoa malkia akamfukuza mfalme ubao mzima. Nani anazikumbuka sare?

Tena yule kocha wa mtandaoni nimeshamlipa miezi miwili. Na kocha wa zamani nimeshamwandikia kwamba tunashukuru, tunaondoka.

Mama wa Wawili:
Kumbe umeshaamua. Ulikuja kutafuta watu wa kukupigia makofi.

Baba yake Judit Polgár naye alikuwa na mpango wake pale Budapest, mabinti watatu wakafundishwa nyumbani. Judit akawa grandimasta akiwa na miaka 15, mwaka 1991, akaivunja rekodi ya Fischer ya grandimasta mdogo kuliko wote, na mwaka 2002 Moscow akamfunga Kasparov. Mshambuliaji hasa. Lakini alipokaa mbele ya Kasparov, alikuwa anautazama ubao. Mwanao alikuwa anakutazama wewe. Mimi nina wawili, mmoja anaogelea, na siku nilipogundua kwamba anageuza shingo majini kunitafuta ndiyo siku niliyohama kiti nikakaa nyuma ya nguzo.

Tunakuuliza kwa mara ya tatu sasa.

FarasiMweusi:
Hajagusa ubao tangu siku ile. Wiki tatu. Nikimwita jioni anasema ana kazi za shule. Ndiyo maana siwezi kulala.

Mwl. Mstaafu:
Sasa umesema. Nami nafuta maneno yangu ya kukushuku.

Bint Pwani:
Naomba ujumbe wa kocha, maneno yake kama yalivyo. Aliandika "hakuna kafara"?

FarasiMweusi:
Nanakili: "Muhula huu tutafanya miisho ili ajue mwenyewe lini mchezo ni sare na lini una ushindi, asihitaji kumuuliza mtu. Baba naomba ubaki nje ya ukumbi." Hilo la kafara niliongeza mimi. Niliposoma niliona hivyo.

Bint Pwani:
Basi soma tena. Hajamkataza kitu. Petrosian alikuwa bingwa wa kujihami kuliko wote, na bado Zurich mwaka 1953 alimpa Reshevsky ngome kwa kete ndogo, kwa utulivu kabisa, kwa sababu alijua mchezo ule ungefika wapi. Anayejua miisho anatoa kete bila kutetemeka. Ongea na mtoto leo, na usitaje Tal.

Sukari Guru:
Mimi naomba radhi, FarasiMweusi. Nilikosea. Weka hatua zote hapa kuanzia ya 20, nizipitie usiku huu. Na ulisema uliipitisha kwenye kompyuta. Ilisemaje?

FarasiMweusi:
Nimeziweka hapo chini. Ilisema farasi f4 ni hatua nzuri. Baada ya hapo, kitu bora kwa nyeusi kilikuwa zile cheki. Sare.

Sukari Guru:
Nimezipitia, nami napata hivyo hivyo. Mtoto alicheza sawa mpaka aliponyanyua macho.

FarasiMweusi:
Wakuu, narudisha majibu, ni siku mbili zimepita. Nilikaa naye barazani nikamwomba msamaha. Hakusema kitu muda mrefu. Kisha akaniuliza kama kocha wa zamani amekasirika. Nikampigia simu mbele yake. Hakukasirika, amesema Jumamosi saa nne aje kama kawaida. Wa mtandaoni nimemweleza, amerudisha mwezi mmoja, mwingine umekwenda.

Nilimuuliza kuhusu f4, kama alitoa farasi kwa sababu yangu. Amesema hapana, alikuwa ameiona tangu hatua ya 19. Alipokuja kuniuliza mimi ni kwenye zile cheki tu.

Jumamosi nitamfikisha mlangoni, nitamsubiri kwenye gari.