Kijana wa miaka 13 anapenda baiskeli za kila aina, nimwache au achague moja?

MamaK_Arusha

Habari za humu wakuu, naombeni ushauri kwa wenye uzoefu. Kijana wangu ana miaka 13, tangu alivyofuatilia mashindano ya dunia ya baiskeli ya Kigali Septemba 2025 kwenye simu yangu haongei kitu kingine, ni baiskeli asubuhi mpaka usiku. Ana baiskeli ya milima ya mtumba, Jumamosi anapanda na wenzake rafu rodi huku juu wanaruka matuta, Jumapili anataka kuwafuata wakubwa wa lami. Sasa kuna kocha kaniambia kama nataka mtoto afike mbali aache hayo mambo ya vumbi, ashike lami tu, kilomita nyingi kila wiki, na ninunue baiskeli ya mbio ambayo bei yake jamani ni ada ya shule na chenji haibaki. Ni kweli lazima achague mapema hivi? Na hizo kilomita kwa umri wake hazimuumizi?

KochaVumbi

Mama K hongera kwa kumsimamia mtoto. Jibu langu ni asichague, sio sasa. Angalia wanaotamba duniani leo. Tom Pidcock wa Uingereza mwaka 2017 akiwa junia, yaani miaka 17 na 18, alikuwa bingwa wa dunia wa saiklokrosi, ile ya kwenye matope, na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia wa junia mbio za kupambana na saa barabarani. Baadaye akachukua dhahabu ya Olimpiki ya baiskeli za milima mara mbili, Tokyo na Paris, na katikati hapo mwaka 2022 akashinda hatua ya kupanda mlima Alpe d'Huez kwenye Tour de France, ile mbio kubwa ya barabarani ya wiki tatu. Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa ana ubingwa wa dunia wa barabara, saiklokrosi na milima, dhahabu ya milima Paris 2024, halafu 2025 akabeba Tour de France ya wanawake. Hawa vumbi halikuwapotezea muda, ndo lilowafundisha kuimudu baiskeli. Mtoto aliyezoea tairi kuteleza chini yake kwenye changarawe, siku lami imelowa kwenye kona hapaniki.

Hata Olimpiki ya vijana ya Singapore 2010 iliandaliwa kwa mtazamo huo, timu moja wavulana watatu na msichana mmoja, wanagawana BMX (vile vibaiskeli vidogo vya kuruka matuta), milima na barabara, pointi zinajumlishwa pamoja.

LamiTu

Mkuu nakuheshimu ila hao ni watu wa Ulaya, wana kila kitu mlangoni. Huku kwetu velodromu, ule uwanja wa duara wa mbio za baiskeli, iko wapi? Uwanja wa BMX je? Mbio zenye zawadi ni za lami, nenda Kanda ya Ziwa uone. Umri wa junia ni miaka 17 na 18, hapo si mbali, sasa kijana afike hajawahi kukaa ndani ya kundi, hajui kujikinga upepo nyuma ya mwenzake, ataachwa kilomita za mwanzo kabisa hata kama mapafu anayo. Huyo kocha hajakosea kila kitu.

KochaVumbi

LamiTu hapo kwenye kundi uko sahihi kabisa, kukaa kwenye kundi lazima afundishwe. Lakini hahitaji lami kufundishwa hilo, mi nawaanzishia kwenye nyasi za uwanja wa mpira. Watoto wawili wawili, mwendo wa taratibu, bega kwa bega mpaka viwiko vinagusana, halafu nawaambia wasukumane kidogo bila kushika breki. Wakianguka ni nyasi. Baada ya hapo naweka chupa ya maji chini aiokote bila kushuka. Kona nayo hivohivo, mguu wa nje chini umekandamiza pedeli, macho yanaangalia anakotokea sio tairi la mbele, breki anamaliza kabla ya kuingia. Ukimpeleka barabarani kati ya malori kabla ya haya unamhatarisha.

Na sio Ulaya tu. Adrien Niyonshuti wa Rwanda alikimbia Olimpiki ya London 2012 kwenye baiskeli za milima, na Rio 2016 akakimbia barabara. Chris Froome alikulia Kenya akifukuzana na kina David Kinjah njia za vumbi za mji wa Kikuyu kwa baiskeli za milima, Tour de France kaichukua mara 4. Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua 3 na jezi ya kijani, ya mwenye pointi nyingi, Tour ya 2024, alipita kituo cha mafunzo ya baiskeli cha Aigle Uswisi, na pale kuna velodromu na njia ya BMX palepale. Na hata hukohuko Ulaya, Remco Evenepoel wa Ubelgiji mpaka utineja alikuwa mcheza mpira, leo ana dhahabu mbili za Olimpiki. Miaka 13 hajachelewa popote.

FundiSpoki

Mama K usinunue hiyo baiskeli ya bei, mwakani itakuwa ndogo. Hiyohiyo ya milima nunua tairi za pili zisizo na meno, siku ya lami unafunga hizo, siku ya vumbi unarudisha za meno. Siti icheki mara kwa mara maana anarefuka, akae, aweke kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ikiwa chini sana magoti yanaumia. Halafu apige gia nyepesi miguu izunguke haraka, gia nzito aachie wakubwa. Akilalamika maumivu chini ya kifuniko cha goti apumzike, asiambiwe vumilia, mifupa yake bado inakua.

MamaK_Arusha

Asanteni sana, nimepata pa kusimamia. Nitamwambia kocha kilomita nyingi hapana kwa sasa, na hayo mazoezi ya nyasi namwomba awajumuishe na mabinti, mdogo wake wa miaka 10 naye hatulii. Fundi, hizo tairi nikienda dukani nasema saizi gani?

FundiSpoki

Soma ubavuni mwa tairi la sasa, kuna mfano 26 x 2.1. Namba ya kwanza lazima ifanane na unayonunua, ya pili inaweza kupungua, 1.5 inafaa kwa lami. Tyubu nayo chukua ya saizi hiyo nyembamba. Na helmeti ziwe mbili, ya kwake na ya mdogo wake, usinunue moja ya kupokezana.