Naomba ushauri: nataka kuandika maisha ya marehemu baba

Salaam aleikum ndugu zangu. Baba yetu ametutoka, Allah amrehemu, sasa arubaini inakaribia na nataka niandike maisha yake tuwagawie jamaa siku ya khitma. Mzee alikuwa kiwanda cha kusafisha mafuta pale Changamwe, Mombasa, mpaka kikasimama 2013 ndo akastaafu, na sisi watoto twamjua yule wa nyumbani tu, atoka shifti ya usiku na mahamri ya moto kwa gazeti, ovaroli ashaivua huko huko maana hakutaka tunuse mafuta, halafu atukagua madaftari mmoja mmoja ndo alale. Ya kazini hakuwa msemaji. Wenzake wamebaki wachache, wengine wako Chaani wengine wamerudi bara. Niwarekodi kwa simu ama niandike tu? Maana wazee wakiona simu huganda. Na ami yangu asema tusome dua yatosha, lakini mimi naona wajukuu watamsahau kabisa na hilo laniuma sana. Mliofanya hivi mlianzia wapi? Na mama je, nimuulize sahi ama nimuache amalize eda yake ya miezi 4 na siku 10 kwanza?