Mnapiga marufuku vepu, sigara mnaiacha dukani. Nani anamdanganya nani?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo natema nyongo.

Mjadala wa sigara za kielektroniki, yaani vepu, ni uleule kila mahali. Mheshimiwa anasimama, anainua kifaa chenye rangi za pipi mbele ya kamera, anasema "tunawalinda watoto wetu", makofi yanapigwa, anapendekeza marufuku. Na sigara yenyewe? Kimya. Hiyo iendelee kuuzwa, ina kodi yake.

Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kwa mwaka. Wengi wao wanamalizwa na moshi: lami, kaboni monoksaidi na takataka nyingine zinazotoka kitu kikiungua. Vepu haiunguzi jani lolote. Ina betri, ina koili (waya unaopashwa joto), ina pamba iliyolowa kimiminika cha nikotini. Koili ikipata moto, kimiminika kinageuka mvuke. Ni salama? Sijasema hivyo. Nikotini inamshika mtu vibaya, na asiyevuta chochote hana sababu ya kuanza. Lakini ukiwekewa hivi viwili mezani, unaanza kukifungia kipi?

Tazameni wanaojisifia marufuku. Thailand ilizuia vepu kuingia nchini mwaka 2014, na sigara inatengenezwa na shirika la serikali hiyohiyo. India ilitunga sheria ya kuzifuta kabisa mwaka 2019, huku serikali ikiwa na hisa kwenye ITC, kampuni kubwa kabisa ya sigara nchini humo. China ndiyo imeniacha hoi: mwaka 2022 ladha zote zikaondolewa sokoni, ikabakizwa ladha ya tumbaku! Na mwenye tumbaku pale ni nani? Serikali. Halafu tunaambiwa ni afya ya umma.

Najua kuna wa kuniletea "vepu iliua watu Marekani". Ndiyo, hadi Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa marehemu 68. Uchunguzi ukaonyesha mhusika mkuu ni asetati ya vitamini E, mafuta waliyochanganyia vimiminika vya bangi, na vingi vilinunuliwa mitaani, si dukani. Bidhaa za vichochoroni, wakuu. Ndizo hizohizo zinazonawiri mkifunga maduka halali. Australia walisema vepu ya nikotini iuzwe kwa cheti cha daktari. Magendo yakajaa tele, na Melbourne magenge yanayogombea biashara ya sigara na vepu za magendo yamekuwa yakichoma maduka moto.

Na nyie watengenezaji msichekelee pembeni, hamjapona. Mtu mzima anayepambana kuacha sigara anahitaji ladha ya bigijii ya nini? Kile kidude cha kutumia na kutupa, kidogo kiasi cha kujificha kwenye kikebe cha kalamu, mlimlenga nani kama si mwanafunzi? Juul, kampuni ya vepu ya Marekani, ilikubali mwaka 2022 kulipa takriban dola milioni 438.5 kumaliza uchunguzi wa majimbo zaidi ya 30 ya Marekani kuhusu matangazo yaliyovuta vijana. Na nani alikuwa amenunua asilimia 35 ya Juul mwaka 2018? Altria, wenye sigara za Marlboro. Mnaona mchezo? Pesa inatoka mfuko huu inaingia mfuko ule.

Mbona wapo wanaojaribu kutumia akili? Uingereza imefuta vepu za kutupa tangu Juni 1, 2025, lakini hospitali zake bado zinamwambia mvutaji ahamie kwenye vepu ili aachane na moshi. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 20 za nikotini kwa mililita. Unaweza kubishana na viwango, sawa, ila pale mtu alikaa akafikiri. Huku kwingine ni kupiga meza tu.

Ninachotaka ni kitu kimoja. Masharti yoyote mnayoyapeleka kwenye vepu, ya umri, ya matangazo, ya ladha, yaanze kuiuma sigara kwanza, tena zaidi. Hapo nitawaamini.

Wenye povu karibuni, ila kila anayetetea marufuku ya jumla aanze kwa kuandika mwaka ambao sigara nayo itaondoka dukani. Hata asiyependa kuandika mengi, tarakimu nne tu.