Tupeane uzoefu: mwenzio na taarabu ya Juma Bhalo

Wana Mvita, mada ni hii. Wewe umekulia kwenye sauti ya Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarabu hapa Mombasa, mwenzio katoka bara na kwake taarabu yote ni kelele za harusini. Aanzishwe vipi? Leteni njia zenyewe, hadithi za ndoa tuziache.

Wa Kibokoni:
Anza na maneno. Nyimbo nyingi za mwambao zina ubeti wa mishororo mitatu, kila mshororo mizani (silabi) 16, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Mwandikie ubeti mmoja tu, vina uvipigie mstari, ndipo umuwekee wimbo. Kinachomtatiza mtu wa bara ni Kimvita, lahaja ya Mombasa: ndoo ni njoo, ndia ni njia, mato ni macho. Asipoelezwa atadhani hakusikia vizuri. Ila fumbo usimfumbulie! Ua au ndege aliyetajwa ni nani, mwache akisie mwenyewe. Hapo ndipo anaponaswa.

Wa Likoni:
Bhalo ni lahani za filamu za Kihindi. Ladha hiyo ikimkataa, mpe udi wa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu. Mpenda kucheza mpe Zuhura Swaleh na chakacha yake, ile ngoma ya wanawake wa mwambao.

Wa Kisauni:
Na mumsikilizishe sauti safi, tafadhali. Kanda zetu za kaseti zimekula unyevu wa bahari miaka mingi. Ukiona utando mweupe pembeni mwa utepe ni ukungu, usiicheze, utahamia kwenye hedi, kile kichwa cha redio kinachosoma utepe. Iliyo safi ipeleke mbele hadi mwisho kisha uirudishe, utepe ulioshikana uachane. Futa hedi kwa pamba na spiriti, ikauke kabisa. Kuihamishia kompyuta, waya utoke tundu la hedifoni la redio uingie kompyuta kwenye tundu la kupokea sauti. Lile la maikrofoni hukuza mno, sauti ikapasuka. Kipimo cha sauti kwenye kompyuta kisivuke desibeli -6, kikigonga 0 umeharibu. Kanda ya dakika 60 ni nusu saa kila upande, hakuna njia ya mkato. Sauti ikiwa nzito kama ya mtu aliyefunikwa mto wa kulalia, huenda kile kipande cha kitambaa kinachobana utepe kimedondoka.

Aliyeanzisha mada:
Ahsanteni. Kinarudishwa kwa gundi gani?

Wa Kisauni:
Ya karatasi, tone dogo. Supagluu hunywewa na kitambaa, kikawa kigumu na kukwaruza utepe. Mmoja ashike kibano, mwingine tochi. Tochi mpe mwenzio.