Naomba ushauri: fimbo yangu ya gofu, aini namba 7, inanitoa jasho

Wakuu, habari za asubuhi. Nacheza gofu hapa Moshi, mwaka wa pili sasa. Draiva, ile fimbo ya mpigo mrefu wa kuanzia, hainisumbui, shida ni aini, zile za kichwa cha chuma, hasa namba 7. Nikiwa mazoezini peke yangu napiga safi. Wakinisubiri watu nyuma, naishusha fimbo kama naua nyoka. Juzi nilichimba bonge la nyasi ukubwa wa kiatu, mpira ukasogea hatua tatu. Kedi, mbeba fimbo zangu, akageuka kutazama mlima, kwa heshima.

Mapro wengi hupandisha fimbo kwa muda mara 3 ya ule wa kuishusha. Nikijaribu kuhesabu kimoyomoyo, mabega yanakakamaa. Mnaohesabu, mnahesabuje? Au niache, nilegeze tu mikono? Kocha bado, mfuko haujaruhusu.