Zile reli zimelala Industrial Area, Nairobi, si zifanywe njia ya miguu na baiskeli?

Pedali_SouthB: Wasee, mi huenda job na baiskeli kutoka South B na kila asubuhi napita hizo laini za zamani za kuingia viwandani, zingine sijawahi ona treni tangu nihamie huku, nyasi imemeza mataruma, na hapo kando kwa barabara matrela yanakubana mpaka unakumbuka maombi ya Sunday school. Si wang'oe vyuma tupate njia? New York kuna ile High Line, reli ya 1934, treni ya mwisho ikapita 1980, 2009 wakaifungua kama bustani ya kutembea. Mtu anaanzia wapi?

Fundi_Maramu: Kazi ngumu ilishafanywa na mkoloni bana. Treni haiwezi mlima, so walichimba na kujaza mpaka njia ikawa karibu tambarare, hata guka yako atapedali bila kuhema. Ukishang'oa vyuma, kokoto iache hapo hapo ndio msingi, mwaga maramu, pitisha rola. Mataruma ya mbao peleka mbali, yamelowa dawa, mtu asiyapikie. Alafu zibueni kalvati kwanza!! Ukisahau kalvati, mvua ya Aprili inabeba kila kitu.

MamaKaranga: Mnaongea ni kama hapo hakuna watu. Mimi niko kando ya reli na meza yangu, na kutoka saa kumi na moja asubuhi watu wa Mukuru wanapita juu ya mataruma wakienda kibarua, wamama na watoto mgongoni. Njia iko kitambo sana, hatuna taa tu. Mkileta hiyo bustani yenu, kanjo ndio watakuja kwanza, na meza yangu ndio itabebwa.

nduthi_hater: siku ya pili itakuwa ya nduthi 😂

Mzee_wa_Behewa: Msiseme reli imekufa. Ile ya Nanyuki tuliizika kabisa na 2020 ikafufuka. Marekani walitunga sheria 1983, laini isiyotumika inaweza kuwa njia ya kutembea lakini ile ardhi inabaki kipande kimoja, treni ikihitajika irudi. Hapo ndio kwenye utamu wenyewe, sababu huku kwetu shida si nyasi, shida ni mtu kuamka na kipande katikati na karatasi mkononi, ajenge godauni, na njia yako inaishia kwa ukuta wake. So kwanza ulizia hiyo ardhi ni ya nani sasa, maua baadaye.

Pedali_SouthB: Mama, nimekusikia, meza inabaki, na taa naweka namba moja. Mzee, asante, sikuwa nimefikiria ya kuta. Jumamosi asubuhi natembea laini yote nikihesabu meza, kalvati na kuta. Fundi unakuja? Chai na mandazi ni juu yangu, nduthi_hater ajiletee yake.